Umeangushwa na Farasi? Usikimbilie Kupanda Tena

Karibu kila banda la farasi lina ushauri mmoja unaomfikia aliyeanguka kabla hata hajajipangusa vumbi: panda tena sasa hivi, la sivyo hofu itaota mizizi. Wanaousema wana nia njema, na mara nyingine unafaa, hasa mtu akiwa ameteleza tu kutoka kwenye tandiko, farasi amesimama kando anatafuna majani, na hakuna aliyeumia. Lakini ukigeuzwa kuwa kanuni ya kila anguko, una hatari. Hauulizi kama kichwa kimegonga chini. Hauulizi farasi alikuwa na nini. Tena humfundisha mpandaji kwamba hofu ni aibu ya kufichwa, ilhali huenda hofu hiyo inasema jambo la kweli kuhusu farasi yule.

Wanaohitaji kusikia haya ni wengi kuliko tunavyodhani. Yupo mwanafunzi wa klabu anayelipia somo la wikendi. Yupo saisi anayewatoa farasi wa mbio mazoezini alfajiri pale Ngong, Nairobi, ambaye kwake kuanguka ni sehemu ya kazi na hakuna anayemuuliza kama anaogopa. Na yupo aliyemnunua farasi kwa bei nzuri, akaja kugundua baadaye kwa nini bei ilikuwa nzuri. Wote hawa huchanganya mambo mawili, hofu ya mpandaji na tatizo la farasi, wakayapiga rungu moja. Ni kesi mbili tofauti. Ushughulikie kwanza mwili wako, kisha umchunguze farasi, na hofu ije mwisho.

Kichwa kabla ya moyo

Mtikisiko wa ubongo hausubiri mtu azimie. Aliyeanguka anaweza kusimama, akacheka, akashika hatamu tayari kupanda, kumbe anauliza swali lilelile mara ya tatu. Mtazame kwa makini. Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, macho kuona ukungu, kutokumbuka dakika chache kabla ya kuanguka, hasira isiyo na sababu, au kuonekana tu kwamba hayupo: dalili moja inatosha kumaliza somo la siku hiyo. Asipande tena, na asiendeshe gari kurudi nyumbani. Ubongo ambao haujapona ukipata pigo jingine, madhara yanaweza kuwa makubwa mno, na ndiyo sababu kauli ya "panda sasa hivi" ni hatari hasa kwa mtu wa namna hii.

Kutapika mara kwa mara, degedege, kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, kichwa kinachozidi kuuma, mkono au mguu kufa ganzi, mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine, au maji au damu kutoka puani au masikioni, hayo ni ya hospitali, tena bila kuchelewa. Anayelalamika shingo au mgongo asiinuliwe wala asivutwe kwa mikono. Abaki alipo, kichwa kishikiliwe kisitikisike, mpaka wafike wenye ujuzi. Kofia isivuliwe kwa pupa, isipokuwa inamzuia kupumua.

Madaktari wa michezo hushauri saa 24 hadi 48 za mapumziko baada ya mtikisiko wa ubongo, kisha mtu arudi hatua kwa hatua, kila hatua ikichukua siku moja au zaidi, na dalili zikirejea arudi hatua moja nyuma. Kwa mchezo kama huu, ambao anguko jingine linaweza kutokea wakati wowote, daktari ndiye atoe ruhusa ya kupanda. Na kama una jeraha lililoingia udongo wa zizini, uliza habari ya chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha farasi, na watu wengi hawajui chanjo yao ya mwisho waliipata lini.

Kofia iliyopiga chini usiivae tena, hata kama nje haina mkwaruzo. Povu gumu lililomo ndani hupondeka ili kulimeza pigo, na likishapondeka halirudi. Kuna wanaodhani kofia ni ya wanaoanza. Courtney King-Dye wa Marekani alikuwa ameshiriki Olimpiki ya 2008. Machi 2010, huko Florida, farasi aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya kawaida alijikwaa na kuanguka naye. Hakuwa amevaa kofia. Alikaa katika koma kwa wiki kadhaa, kisha ikambidi ajifunze upya kutembea na kusema. Farasi huyo hata hakuwa mkorofi, alijikwaa tu. Tangu 2021 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limewalazimisha hata washindani wa dressage, mchezo wa kumwendesha farasi kwa hatua za madaha, waliozoea kofia ndefu za sherehe, kuvaa kofia za kujikinga.

Msikilize farasi naye

Mwanahistoria Plutarch anasimulia jinsi farasi Bucephalus alivyoletwa kwa mfalme Philip wa Makedonia, akawashinda wote waliojaribu kumpanda. Kijana Alexander, mwana wa mfalme, alikuwa akitazama. Aligundua kwamba farasi alikuwa akikiogopa kivuli chake mwenyewe kikicheza mbele yake. Akamshika hatamu, akamgeuza uso kuelekea jua, akatembea naye kidogo huku akimpapasa, ndipo akampanda. Iwe ilitokea hivyo au ilitiwa chumvi, fundisho lake kwa watu wa mabanda ni zuri: kabla ya kumtuliza farasi, Alexander aliuliza anaogopa nini.

Farasi mkubwa ana uzito wa kilo 400 hadi 600, lakini kwa asili ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu nyuzi 350 kati ya 360, na sehemu ndogo asiyoiona iko mbele ya paji la uso na nyuma ya mkia. Mfuko wa plastiki ukipeperuka kwenye ua, mwili wake unaanza kukimbia kabla hajaamua kama ni mfuko au chui. Huo si ukorofi. Ukorofi, kwa maana ya farasi anayepanga kukukomoa, ni jambo ambalo binafsi siliamini sana. Mara nyingi kinachoitwa ukorofi ni woga, au maumivu, au mafunzo mabaya, au chakula kimezidi kazi.

Maumivu ndiyo yatafutwe kwanza, kwa sababu hakuna ujasiri wa mpandaji utakaoyaponya. Anza na mgongo. Simama ubavuni, siyo nyuma, ukandamize kwa vidole viwili kuanzia bega kuelekea kiunoni, upande mmoja wa uti kisha wa pili, taratibu. Usitazame vidole vyako, tazama masikio na mkia. Farasi mzima ataendelea kutafuna. Anayeumwa atalaza masikio, atapiga mkia, ngozi itasinyaa chini ya kidole, au mgongo utazama kukukwepa. Rudia baada ya dakika chache. Akijibu palepale mara ya pili, umepata pa kumwonyesha daktari wa mifugo.

Kisha geuza tandiko utazame chini yake, na utazame mgongo ukilitoa baada ya mazoezi. Doa kavu katikati ya jasho, au manyoya meupe yaliyoota pale ambapo farasi hana rangi nyeupe, huonyesha mahali tandiko linapobana. Kumbuka farasi hunenepa na kukonda, kwa hiyo tandiko lililomkaa vizuri mwaka jana huenda leo linamfinya. Mdomo nao ukaguliwe. Meno ya farasi huendelea kuchomoza na kusagika kwa miaka mingi, na yakisagika vibaya hubaki na ncha kali zinazokwaruza mashavu kila hatamu inapovutwa. Ukaguzi mmoja kwa mwaka ndio wa chini. Kwato zipunguzwe kila wiki sita hadi nane. Na farasi anayefungiwa bandani kutwa, akila nafaka nyingi na majani machache, hupata vidonda vya tumbo kwa urahisi, kwa kuwa tumbo lake hutoa asidi muda wote hata akiwa hana kitu cha kutafuna. Akifungwa mkanda wa tumbo atageuka kukuuma. Watu husema ana tabia mbaya.

Waliozoea farasi waliostaafu mbio wanajua tatizo jingine. Farasi wa mbio amefundishwa kuegemea lijamu anapokimbia. Kadiri unavyovuta hatamu ndivyo anavyodhani unamwambia akaze mwendo. Mwanafunzi anaogopa, anavuta kwa mikono miwili, farasi anaondoka shoti, mwanafunzi anaanguka, kisha kila mtu anasema farasi ni mwendawazimu. Hapo hakuna mwendawazimu. Kuna wawili wasioelewana, na mmoja wao anaweza kufundishwa upya kwa miezi kadhaa chini ya mtu anayeijua kazi hiyo.

Aina moja naiweka pembeni. Farasi mwenye mazoea ya kusimama kwa miguu ya nyuma si wa mtu anayejaribu kurudisha moyo wake. Anaweza kupinduka na kumwangukia aliye juu yake. Akisimama ukiwa juu yake, inama mbele, legeza hatamu kabisa, ushike shingo. Ukivuta unamsaidia kuanguka chali. Ukishuka salama, mpe mwenye ujuzi, wala usione haya.

Kinachotokea mwilini

Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili uliopata ajali huweka kumbukumbu ya kila kilichokuwepo wakati ule: harufu ya ngozi ya tandiko, kona ile ya uwanja, upepo, rangi ya farasi. Kesho vitu hivyo vikikutana, moyo unaanza kwenda mbio kabla akili haijasema neno. Huwezi kuuzima moyo huo kwa kujiambia usiogope, na anayekuambia hivyo anapoteza pumzi yake.

Shida ni kwamba mwili wenye hofu hupanda farasi vibaya, tena kwa namna ileile kwa karibu kila mtu. Pumzi inakatika. Mabega yanapanda. Kiwiliwili kinainama mbele, kisigino kinanyanyuka, magoti yanabana, na mikono inavuta hatamu. Kwa farasi, miguu inayobana ubavu ni amri ya kwenda, na hatamu iliyovutwa ni amri ya kusimama. Ni kama dereva aliyekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Farasi mtulivu atavumilia. Aliye na wasiwasi atatafuta pa kutokea.

Na anahisi zaidi ya mikono na miguu. Mwanzoni mwa karne ya 20 jijini Berlin palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyesemekana kujua hesabu kwa kugonga kwato chini. Mwaka 1907 mtafiti Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu hata kidogo. Alikuwa akisoma mabadiliko madogo mno ya kichwa na mwili wa anayemuuliza, ambayo hata muulizaji mwenyewe hakujua anayafanya. Karne moja baadaye, watafiti wa Sweden wakiongozwa na Linda Keeling waliwafanya watu wawaongoze au wawapande farasi kupita mahali pamoja mara kadhaa, kisha wakawaambia kwamba safari inayofuata mwavuli utafunguliwa ghafla. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kuusubiri, na ya farasi yalipanda pia, ingawa farasi hawakuambiwa kitu.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba utaificha. Kinachowezekana ni kuupa mwili kazi nyingine. Toa pumzi ndefu kuliko unayoingiza, hasa unapokaribia pale panapokutisha. Inua macho utazame unakokwenda, si masikio ya farasi. Na kama unaweza, imba. Nasema kweli. Mtu anayeimba hawezi kukata pumzi, na farasi wengi husikiliza. Ukiona haya mbele ya watu, hesabu kwa sauti hatua za farasi, nne kwa nne.

Ngazi ya kurudi

Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia mtoto aliyemwita Peter, aliyekuwa akimwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachokipenda, na sungura akasogezwa kidogo kidogo siku baada ya siku, kwa umbali ambao mtoto angeuvumilia, mpaka mwisho akamshika. Miongo mitatu baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliijengea njia hiyo utaratibu unaotumika hadi leo: mtu anapanga anavyoviogopa kuanzia kidogo hadi kikubwa, kisha anavikabili kimoja kimoja akiwa ametulia. Wataalamu wa sasa wanaongeza kwamba kumbukumbu ya zamani haifutiki. Kinachojengwa ni kumbukumbu mpya kando yake, nayo huhitaji kurudiwa katika sehemu na hali mbalimbali ili ipate nguvu. Ndiyo maana mtu aliyepona hofu katika uwanja wa klabu anaweza kushtuka tena akitoka nje porini. Hajarudi sifuri, ni kwamba pale bado hajapafanyia kazi.

Chukua karatasi, uandike ngazi yako mwenyewe, na kila kipandio ukipe alama kutoka 0 hadi 10 kwa jinsi kinavyokutisha. Ya mtu mmoja inaweza kuanza na kusimama nje ya uzio akitazama wenzake. Ya mwingine huanza na kumsugua farasi kwa brashi. Zipo hatua ambazo watu huziruka na hawapaswi: kumwongoza farasi kwa kamba, kumsimamisha, kumrudisha nyuma hatua mbili, kumgeuza akusogelee na akupishe. Haya yote unayafanya ukiwa chini, miguu yako ikiwa ardhini, na hapo ndipo farasi anajifunza kukusikiliza. Asiyekusikiliza ukiwa chini hatakusikiliza ukiwa juu.

Unaporudi kupanda, panda farasi mwingine. Hili naling'ang'ania. Mwombe mwalimu farasi mzee, mpole, anayejulikana na watoto wa klabu, na mwalimu akushikilie kwa kamba ndefu mkizunguka duara, ili wewe ushughulikie mwili wako tu na yeye amshughulikie farasi. Mfungie farasi ukanda wa ngozi shingoni, ambao unaweza kuushika kwa mkono mmoja akishtuka, badala ya kuning'inia kwenye hatamu na kumuumiza mdomo. Viatu viwe na kisigino kidogo, mguu usije ukapenya kwenye kikuku ukanasa. Kuburutwa ni kubaya kuliko kuanguka.

Kaa kwenye kipandio kimoja mpaka alama yake ishuke. Kama kilikuwa 6, kifanye siku hiyo mpaka kiwe 3, kisha ushuke. Usishuke hofu ikiwa kileleni, maana mwili utajifunza kwamba kilichokuokoa ni kushuka. Lakini pia usiongeze cha pili kwa kuwa cha kwanza kimeenda vizuri. Hilo ndilo kosa la walimu wenye haraka, na la wazazi waliosimama kwenye uzio wakipiga makofi. Dakika 15 zilizoisha vizuri zinatosha.

Mbinu moja ijifunze mpaka mikono iijue bila kuulizwa, nayo ni kusimamisha kwa hatamu moja. Anza farasi akiwa amesimama. Telezesha mkono wa kulia mbele kwenye hatamu ya kulia, uishike chini karibu na shingo, kisha uulete mkono taratibu mpaka kwenye paja lako na uuache hapo. Mkono wa kushoto ulegee kabisa. Miguu isibane. Farasi atakunja shingo kuelekea goti lako, huenda akazunguka kidogo, miguu ya nyuma ikipishana. Usivute zaidi, ngoja. Pale tu miguu yake inaposimama na shingo kulegea, achia hatamu yote. Kuachia ndiko kunakomfundisha, na ukichelewa kuachia umemfundisha kupigana nawe. Fanya kulia na kushoto, kisha akitembea, kisha akienda telki. Farasi aliyekunja shingo hawezi kurusha miguu ya nyuma kwa nguvu wala kukaza mbio, na mpandaji anayejua ana breki hiyo hukaa juu ya tandiko kwa namna nyingine kabisa. Lakini isitumike ghafla farasi akiwa shoti kamili, kwa kuwa anaweza kupoteza miguu mkaanguka wote. Katika mbio kali, egemeza mkono mmoja shingoni, vuta na kuachia kwa mkono wa pili kwa vipindi, kisha mgeuze kwenye duara kubwa, ulipunguze kidogo kidogo.

Xenophon wa Ugiriki, aliyeandika kitabu cha farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri mtu asimwendee farasi kwa hasira, na kwamba anayeogopa kitu asipigwe, kwa kuwa fimbo humthibitishia kuwa kitu hicho kinaumiza. Ushauri huo umekaa zaidi ya miaka 2,300, na bado kuna anayechapa farasi mbele ya mfuko wa plastiki.

Asiye na hiari

Mengi niliyosema yanamwelekea mtu anayeweza kusema "leo sipandi". Saisi hana nafasi hiyo. Anaambiwa farasi yule atoke saa kumi na mbili asubuhi, na atatoka. Hapa mzigo ni wa mwajiri. Farasi aliyemwangusha mtu akaguliwe mgongo, mdomo na tandiko kabla hajapandwa tena, na asipewe mtu yuleyule aliyeanguka jana kwa kisingizio cha kumkomaza. Kofia nzima na fulana ya kinga ni vifaa vya kazi, gharama yake isikatwe kwenye mshahara. Kila anguko liandikwe kwenye daftari la banda: tarehe, farasi, mahali, kilichotokea. Daftari hilo likisomwa baada ya miezi mitatu litaonyesha kwamba ni farasi mmoja, au kona moja, au tandiko moja.

Saisi naye asinyamaze. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, na Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Zote mbili zinahitaji ajali itolewe taarifa. Toa taarifa mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala na karatasi za hospitali, hata kama siku hiyo unaona ni michubuko tu.

Kurudi kwa yule yule

Baada ya wiki au miezi, ngazi itafika kwenye jina la farasi aliyekuangusha. Jiulize mambo mawili. Je, sababu ya anguko imejulikana na kuondolewa? Je, kuna mtu mwenye ujuzi kuliko wewe ambaye amempanda mara kadhaa, mahali tofauti, na kumwona ametulia? Kama jibu la mojawapo ni hapana, hofu yako inafanya kazi yake na haifai kushindwa. Kama yote ni ndiyo, anza naye kuanzia chini ya ngazi, ukiwa ardhini, utapanda vipandio haraka kuliko mara ya kwanza. Chagua siku isiyo na upepo mkali. Afanyishwe kazi kidogo kwa kamba ndefu kabla. Mkanda wa tumbo ukazwe kidogo kidogo, si kwa mkupuo, na uukague tena kabla ya kupanda. Mwalimu awepo uwanjani, watazamaji wasiwepo.

Ndoto za anguko zinazorudi usiku, kushtuka kila mara, kukwepa hata barabara ya kwenda bandani, au picha ya ajali inayojileta yenyewe mchana, zikidumu zaidi ya mwezi mmoja, zimevuka uwezo wa mwalimu wa farasi. Hospitali nyingi kubwa zina kitengo cha afya ya akili, na tiba ya mazungumzo ya hali hii inajulikana na inasaidia. Unaweza kwenda huko huku ukiendelea na ngazi yako kwenye vipandio vya chini.

Na kama uamuzi ni kumuuza farasi, uza. Kuna farasi wanaomfaa mpandaji fulani na kumshinda mwingine, na kumpeleka kwa anayemweza ni jambo jema kwa wote. Lakini mnunuzi aambiwe kilichotokea kabla ya kutoa pesa: alianguka nani, wapi, farasi alifanya nini, daktari wa mifugo alikuta nini. Yaandikwe kwenye hati ya mauzo, pande zote mbili zitie sahihi, na mnunuzi aruhusiwe kumjaribu akiwa na mwalimu wake mwenyewe.